Kiwanda hukaguliwa kwa karatasi, mchuuzi hukaguliwa kwa mikono

MFUKO wa plastiki una majina mengi katika ukanda huu. Tanzania unaitwa rambo, pwani ya Kenya ni juala, Uganda ni kaveera. Kwa mfanyabiashara wa mpakani, kila jina linakuja na sheria yake.

Anayenunua bando la kaveera nene Kampala hajavunja sheria ya Uganda, ilimradi unene wake hauko chini ya mikroni 30. Akivuka Busia kuingia Kenya na bando lilelile, amevunja sheria, kwa kuwa tangu Agosti 28, 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki bila kujali unene. Akiamua kugeukia Mutukula aingie Tanzania, huko nako marufuku imeanza kutumika tangu Juni 1, 2019. Akielekea Rwanda, atakuta marufuku ya tangu mwaka 2008, ambayo akina mama wanaovuka kila siku kati ya Goma na Rubavu wanaijua kuliko mawakili wengi.

Wafanyabiashara wengi wamelisikia hilo. Lisilojulikana sana limo ndani ya kanuni zenyewe. Kanuni za Tanzania za mwaka 2019 zinaweka faini ya kati ya shilingi milioni 20 na shilingi bilioni moja, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili, kwa mtu anayetengeneza mifuko hiyo. Adhabu hiyohiyo imewekwa kwa mtu anayeiingiza nchini. Mwenye kiwanda chenye mashine kumi na mwenye bando moja kichwani wamewekwa kwenye kifungu kimoja. Anayekutwa na mfuko mkononi kwa matumizi yake ana adhabu nyepesi zaidi, ya kati ya shilingi 30,000 na 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba. Lakini ukivuka mpaka na mzigo wa kuuza, wewe si mtumiaji tena. Umekuwa mwingizaji.

Tofauti iliyobaki kati ya hao wawili ni namna wanavyokaguliwa. Mchuuzi hufunguliwa mzigo palepale kaunta, mchana kweupe, na ofisa anaingiza mkono ndani ya gunia. Kiwanda, kwa sehemu kubwa, hukaguliwa kupitia ripoti ambayo chenyewe kimeilipia. Makala haya yanaeleza jinsi ukaguzi huo wa viwanda unavyofanyika, mahali unapovuja, na kwa nini mfanyabiashara anayenunua bidhaa za viwanda hivyo anapaswa kuujua kama anavyojua ushuru wa forodha.

Sheria zinafanana kuliko tunavyodhani

Ukiweka sheria za mazingira za nchi jirani mezani, utaona ni watoto wa mama mmoja. Kenya ina sheria yake ya mwaka 1999, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015, na msimamizi wake ni NEMA. Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo iliipa NEMC kazi ya ukaguzi. Uganda ina sheria ya mwaka 2019, nayo chombo chake kinaitwa NEMA kama cha Kenya. Rwanda ina sheria ya mwaka 2018 na chombo kinachoitwa REMA.

Zote zinapita njia ileile yenye vituo vinne.

Cha kwanza ni kabla ya kujenga. Mwekezaji hulazimika kufanya tathmini ya athari kwa mazingira: kiwanda kitakaa wapi, kitatumia maji kiasi gani, moshi utaelekea upande gani, majirani ni nani. Tathmini hiyo huandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Mtaalamu huyo analipwa na mwekezaji. Serikali huipitia ripoti, inaweza kuirudisha au kuikataa, lakini haikuiandika.

Cha pili ni vibali vya kuendesha, hasa kibali cha kumwaga maji taka. Hapa sheria inashuka mpaka kwenye tarakimu. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006, kwa mfano, zinataka maji yanayotoka kiwandani kuingia mtoni yasizidi miligramu 30 kwa lita za kipimo cha BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho uchafu ule utakula ukioza majini. Samaki anapumua oksijeni hiyohiyo. Uchafu ukiila yote, samaki anakufa hata kama hakuna tone la sumu lililoingia.

Cha tatu ni kiwanda kujipima chenyewe. Kenya inataka ukaguzi wa mazingira kila mwaka unaofanywa kwa gharama ya kiwanda, na mwenye kibali cha maji taka huwasilisha vipimo kila robo mwaka. Tanzania nayo ina utaratibu wa kujikagua chini ya kanuni za mwaka 2005. Nchi zote zinategemea sana kituo hiki, kwa sababu hakuna serikali yenye wakaguzi wa kutosha kusimama kwenye kila bomba.

Cha nne ndicho wananchi wengi wanachokidhania kuwa ukaguzi wote: mkaguzi wa serikali kufika mlangoni. Sheria imempa nguvu nyingi. Nchini Kenya anaweza kuingia kiwandani katika muda unaofaa bila hati ya mahakama, kuchukua sampuli, kudai nyaraka na, kwa idhini ya maandishi ya mkurugenzi mkuu, kuamuru kiwanda kifungwe. Tanzania wakaguzi wana madaraka ya aina hiyohiyo, na juu yao zipo amri za kuzuia shughuli na amri za kurejesha mazingira katika hali yake.

Tatizo ni kwamba vituo vitatu vya mwanzo ni karatasi, na cha nne huja mara chache.

Pale ukaguzi unapovuja

Yeyote aliyewahi kufanya kazi karibu na kiwanda cha ngozi, cha sukari au cha rangi za nguo anajua mbinu mbili za zamani.

Ya kwanza ni kuongeza maji. Kiwango cha kisheria hupimwa kwa miligramu ndani ya lita moja. Kiwanda kikifungulia maji safi yachanganyike na maji taka kabla ya kufika kwenye bomba la nje, kila lita itaonekana safi zaidi, ingawa uchafu unaoingia mtoni kwa siku ni uleule. Mkaguzi makini hapimi uchafu peke yake. Hupima pia wingi wa maji yanayotoka, kisha akalinganisha na ankara ya maji ya kiwanda.

Ya pili ni saa. Mkaguzi akitoa taarifa kwamba atakuja Jumanne saa nne asubuhi, atakuta mtambo wa kusafisha maji taka unanguruma vizuri. Usiku wa Jumapili ni habari nyingine. Ndiyo maana sampuli moja iliyochotwa mara moja ina thamani ndogo kuliko sampuli zilizochotwa kila baada ya saa chache kwa siku nzima, na ziara isiyotangazwa ina thamani kuliko iliyoandikiwa barua.

Kisha kuna safari ya chupa. Sampuli ya maji inapaswa kufungwa, kubandikwa lebo yenye saa na mahali, kuwekwa kwenye barafu na kufika maabara haraka, kwa kuwa kipimo cha BOD hakingoji wiki. Kila mikono iliyoishika chupa ile inapaswa kuandikwa. Chupa ikikosa mlolongo huo, wakili wa kiwanda ataiangusha kesi kwa swali moja tu: nani alikuwa nayo usiku ule?

Hayo ni mambo ya ufundi. Yakikosewa, wanaoumia ni watu.

Owino Uhuru: karatasi ilipochelewa

Katika eneo la Jomvu, Mombasa, kuna mtaa wa watu wa kipato cha chini unaoitwa Owino Uhuru. Ukuta kwa ukuta na nyumba za mtaa huo kulijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi, ile metali nzito ya kijivu. Kilianza kazi mwaka 2007. Risasi ilikuwa inasafirishwa nje, na kiwanda kilikuwa chini ya mpango wa maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri Phyllis Omido, na moja ya kazi alizopewa ilikuwa kusimamia kuandikwa kwa ripoti ya athari kwa mazingira. Zingatia mpangilio huo. Kiwanda kilikuwa kinayeyusha betri, na ripoti iliyopaswa kutangulia ndiyo kwanza inaandaliwa. Wataalamu walipendekeza kiwanda kihamishwe kwa kuwa kilikuwa karibu mno na makazi. Hakikuhamishwa. Mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Alikuwa ameipata kupitia maziwa ya mama.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Kwa mtoto, huathiri ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudi nyuma.

Omido aliacha kazi na kuanza kupeleka malalamiko. Wakazi waliandamana, walikamatwa, walipima damu, waliandika barua. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata Omido alipewa Tuzo ya Goldman, inayotolewa kwa watetezi wa mazingira duniani. Kesi ikaenda mahakamani mwaka 2016.

Julai 16, 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kilichowashtua wengi ni orodha ya waliowajibishwa. Wenye kiwanda walikuwamo, lakini walikuwamo pia taasisi za serikali, ikiwamo NEMA yenyewe. Kwa lugha nyepesi, mahakama ilisema kwamba anayepewa kazi ya kulinda lango naye anawajibika mwizi akipita. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ilitengua kiasi hicho cha fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha tuzo ya awali.

Hesabu miaka. Kutoka moshi wa kwanza hadi uamuzi wa mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mtaani humo kiwanda kilipoanza alikuwa karibu kupata kitambulisho cha taifa.

Betri zile zilifikaje kiwandani?

Hili ndilo swali linalotuhusu sisi wa mpakani. Kiwanda cha kuyeyusha betri hakichimbi betri ardhini. Kinanunua kwa wakusanyaji, na wakusanyaji wananunua kwa gereji, kwa madereva, kwa wauza vyuma chakavu. Biashara ya skrepa haina mpaka wa asili. Bei ikipanda upande mmoja, mzigo unahama.

Betri kuukuu ya gari, hata ikiwa nzima haijapasuka, inahesabiwa kuwa taka hatarishi chini ya Mkataba wa Basel wa mwaka 1989. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote ni wanachama wa mkataba huo. Maana yake kwa mwenye lori ni hii: kabla mzigo haujaondoka, nchi unakotoka lazima iiarifu nchi unakokwenda, na nchi hiyo ikubali kwa maandishi. Nchi ambazo mzigo utapita njiani nazo huarifiwa. Leseni ya biashara ya vyuma chakavu haitoshi, na risiti ya mnunuzi haitoshi. Asiye na idhini hiyo anahesabiwa kusafirisha taka hatarishi kinyume cha sheria, hata kama betri alizinunua kihalali gereji.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayekusanya betri yuko kwenye mnyororo uleule na mwenye tanuru. Anayenunua bila kuuliza zinakwenda kuyeyushwa wapi, na kama hapo mahali pana leseni, anaweza kujikuta ameshika mzigo wa kesi isiyo yake.

Mto haujui sirari

Mfano wa pili uko upande wa kaskazini mwa Tanzania. Mto Mara unaanzia nyanda za juu za Kenya, unapita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha unaingia Ziwa Victoria mkoani Mara. Kwa anayefanya biashara Sirari na Isebania, mto huo ni maji ya ng'ombe, samaki na mashamba. Karibu na hapo, Nyamongo, kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara.

Mwaka 2009 wakazi walilalamika kuhusu maji yenye sumu katika mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mara. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, NEMC iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kuhusiana na uchafuzi kutoka kwenye bwawa la kuhifadhia mabaki ya uchenjuaji. Julai mwaka huohuo baraza hilo likaamuru matumizi ya bwawa hilo yasitishwe. Amri iliondolewa Septemba, baada ya umiliki wa kampuni mama kuingia mikononi mwa Barrick.

Faini ni habari ya siku moja. Amri ya kusitisha ndiyo iliyogusa uzalishaji, na kwa hiyo ikasikika haraka. Mgodi usiokuwa na mahali pa kuweka mabaki hauwezi kuendelea kusaga mwamba kwa muda mrefu. Hapo tunajifunza kwamba nguvu ya msimamizi haiko kwenye ukubwa wa faini peke yake. Iko kwenye kushika kile ambacho kiwanda hakiwezi kukikosa hata kwa wiki moja.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa kwa wingi. Serikali iliunda kamati ya wataalamu, nayo ikaeleza kuwa chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wakazi wengi walilipokea jibu hilo kwa mashaka, na mjadala ukafika bungeni na mitandaoni. Hatuna haja ya kuamua hapa nani alikuwa sahihi. Kuna jambo jingine la kutazama. Pale ambapo vipimo vya kila mwezi vya maji havibandikwi mahali wananchi wanaweza kuvisoma, kamati hata iwe na maprofesa wa aina gani itachelewa kuaminiwa. Imani hujengwa kabla samaki hawajafa.

Kwa nini mpaka unabeba mzigo mkubwa

Serikali zinapenda kukagua mpakani kwa sababu rahisi: ni nafuu. Viwanda vimetawanyika, vina mageti, vina mawakili na vina ajira ambazo mbunge wa eneo hatataka zipotee. Mpakani watu wote wanapita mlango mmoja. Tangu vituo vya huduma kwa pamoja vianze Namanga, Holili na Taveta, Busia, Malaba, Mutukula, Rusumo na kwingineko, maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Ni jambo jema kwa muda wa msafiri. Lakini pia limefanya kaunta ya mpakani kuwa mahali pepesi pa kuonyesha kwamba sheria ya mazingira inafanya kazi.

Tuliona hivyo kwenye viroba. Machi 1, 2017 Tanzania ilipiga marufuku pombe kali zilizofungashwa kwenye vifuko vya plastiki. Pombe yenyewe haikukatazwa, ila ule mfuko. Kiwanda kilichokuwa na mtaji kilibadilisha kikaingia kwenye chupa. Mwenye duka aliyebaki na katoni za viroba alibaki na hasara yake.

Tukaona tena kwenye mifuko mbadala. Baada ya rambo kuondolewa, soko lilijaa mifuko laini inayofanana na kitambaa. Tanzania iliweka kiwango: uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, na jina la mtengenezaji lionekane. Mifuko mingi iliyokuwa sokoni ilikuwa myepesi kuliko hapo. Mchuuzi aliyenunua kwa nia njema, akiamini ameachana na plastiki, alijikuta ameshika bidhaa isiyokidhi kiwango. Yeye hana mashine ya kupima gramu. Mwenye kiwanda anayo.

Kudai usawa hapa si kutetea magendo. Rambo lililoziba mtaro wa Kariakoo au Gikomba linamfurikia mfanyabiashara yuleyule dukani. Kinachodaiwa ni kwamba mkono unaoingia kwenye gunia uingie pia kwenye bomba la kiwanda, kwa ghafla ileile.

Mnunuzi naye ni mkaguzi

Nchi nyingine zimewahi kukabili upungufu huu wa wakaguzi kwa njia inayomgusa mnunuzi moja kwa moja. Indonesia mwaka 1995 ilianzisha mpango wa kuvipa viwanda rangi hadharani kulingana na vinavyotii sheria ya mazingira: dhahabu na kijani kwa vinavyozidi matakwa ya sheria, bluu kwa vinavyotimiza, nyekundu kwa vinavyopungukiwa, nyeusi kwa vinavyochafua bila juhudi yoyote. Sheria haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba benki, majirani na wanunuzi waliweza kuiona rangi, na kiwanda chekundu kikaona aibu yake imegeuka gharama.

Ukanda wetu hauna rangi hizo. Lakini mfanyabiashara anaweza kuuliza maswali yanayofanana nazo kabla ya kutoa fedha, na majibu yake ni nyaraka ambazo kiwanda halali kinazo.

Kwanza, omba kuona leseni au cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira. Soma jina la kampuni na mahali. Cheti cha ghala la Thika hakilindi tanuru lililoko Athi River.

Pili, kama unanunua kwa wingi na kwa muda mrefu, uliza ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya mwaka uliopita na uthibitisho kwamba ilipokelewa na mamlaka. Kiwanda kisichokuwa nayo kinaweza kufungwa siku yoyote, na malipo yako ya awali yakafungiwa humo.

Tatu, kwa vifungashio vya plastiki vilivyoruhusiwa, tazama maandishi. Kenya inaruhusu vifungashio vya viwandani kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba jina la mtengenezaji na la kiwanda kinachovitumia yasomeke wazi na yasifutike. Tanzania nayo imeacha nafasi kwa vifungashio vya dawa, kilimo, chakula kilichosindikwa, ujenzi na matumizi ya usafi. Kifungashio kisicho na jina ni mzigo wa mwenye kukishika.

Nne, kwa betri, mafuta machafu, taka za kielektroniki na mfano wa hayo, usipakie kabla ya kuona idhini ya maandishi ya nchi unakokwenda. Hapa hakuna njia ya mkato. Wakala wa forodha anayekwambia itajulikana hukohuko mbele hatalala mahabusu pamoja nawe.

Tano, dai karatasi unapokamatiwa mzigo. Ofisa anayechukua bidhaa anapaswa kutoa hati inayoeleza nini kimechukuliwa, kiasi gani na kwa kifungu kipi. Bila hati hiyo huwezi kukata rufaa, na huna uhakika kama faini uliyolipa imefika serikalini.

Milango iliyo wazi

Wengi wetu tunaamini kwamba sheria ya mazingira ina mlango mmoja tu, wa kukamatwa. Ipo mingine.

Kenya ina Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira, ambako mtu asiyeridhika na uamuzi wa NEMA, kama vile kutolewa kwa leseni au kunyimwa, hukata rufaa ndani ya siku 60. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na anayekwenda mahakamani kuidai halazimiki kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia. Tanzania nayo, sheria ya mwaka 2004 inamtambua kila anayeishi nchini kuwa mwenye haki hiyo na inamruhusu kufungua shauri kuitetea.

Juu ya hayo kuna Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Mkataba wa Jumuiya una sura nzima ya mazingira, na mkazi wa nchi mwanachama anaweza kuipeleka serikali mbele ya mahakama hiyo kwa kukiuka Mkataba. Juni 2014 mahakama hiyo iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, katika shauri lililofunguliwa na shirika lisilo la kiserikali la Kenya. Wakati huo wengi hawakuamini kwamba jirani anaweza kumshtaki jirani kwa ajili ya nyumbu, akashinda. Ila kuna saa inayokimbia: shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kinacholalamikiwa, au tangu mlalamikaji alipokijua. Wengi hufika hapo wakiwa wamechelewa.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vina jambo moja la kudai kwa pamoja, nalo halihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Vidai kwamba kila mamlaka ya mazingira ibandike kwenye kila kituo cha mpakani orodha mbili na kuzisahihisha kila robo mwaka: orodha ya vifungashio na bidhaa zilizokatazwa upande wa pili, na orodha ya viwanda ambavyo leseni zake za mazingira ziko hai. Ya kwanza itamwambia mchuuzi asibebe nini. Ya pili itamwambia asinunue kwa nani, na itamwambia mwenye kiwanda kwamba jina lake linasomwa na wateja wake kabla hawajafungua pochi.

Orodha ya kwanza ofisa wa kaunta anaijua kwa kichwa, ndiyo maana anaweza kuingiza mkono kwenye gunia lako. Ya pili iko kwenye kabati za ofisi za makao makuu. Ikifika ukutani pale Namanga, mwenye kiwanda naye atakuwa amepanga foleni pamoja nasi.